Nyumba Iliyoota Ndevu

Wapo watu waliojenga nyumba ikapasuka. Wapo waliojenga ikapinda, ikavuja, ikazama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Lakini mtu aliyejenga nyumba ikabidi ainyoe mara mbili kwa wiki, tena kwa mkasi, huku mama mkwe wake amemshikia ngazi, ni mmoja tu chini ya jua hili. Naye ni Injinia!

Jina hilo la Injinia alijipa mwenyewe. Kazi yake halisi ilikuwa fundi wa lifti katika mji wa ugenini alikohamia na mkewe miaka sita iliyopita. Alikuwa fundi mzuri, tusimwonee. Lifti ikikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, yeye ndiye aliyeitwa, na waliokwama ndani walitoka wakamkumbatia kama ndugu aliyerudi vitani. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Kwa kuwa kila siku alipanda na kushuka ndani ya majengo marefu, aliamini kwamba anajua yanavyojengwa. Ni sawa na kupe kujiita daktari wa mifugo!

Na lugha ya nchi ile je?

"Hiyo naitafuna!" alikuwa akisema. "Naitafuna na kuimeza!"

Ukweli ni kwamba lugha aliyojua alijifunza ndani ya lifti, kutoka kwa ile sauti ya mwanamke anayetangaza. Kwa hiyo "milango inafunguka", "mzigo umezidi" na "tafadhali simama mbali na mlango" aliyatamka vizuri kuliko wenyeji wenyewe. Nje ya hapo alibahatisha. Aliyeijua lugha kweli alikuwa mkewe, mshonaji wa mapazia, aliyeshinda majumbani mwa wateja akiwapimia madirisha na kusikiliza shida zao. Lakini Injinia hakutaka mkalimani. Mwanamume mzima atafsiriwe na mkewe? Thubutu!

Sasa basi. Mwenye nyumba waliyopanga aliwaambia anaihitaji kwa ajili ya binti yake, wahame kabla ya majira ya baridi. Haikuwa balaa kubwa, kwa sababu walikuwa na kiwanja chao nje kidogo ya mji, kimepakana na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mkewe alishachora nyumba kwenye karatasi ya kukatia mapazia: sebule, chumba chao, na chumba cha mama yake, ambaye hakumwona kwa miaka sita na ambaye tiketi ya kuja kuwatembelea ilikuwa tayari imekatwa. Matofali, saruji, bati, basi. Nyumba ya kawaida ya watu wa kawaida.

Ndipo Injinia akaangalia video.

Kwenye video hiyo kulikuwa na mzungumzaji mwenye ndevu hadi kifuani, ameshika kikombe, amesimama ndani ya nyumba ambayo kuta zake ni marobota ya mabua makavu yaliyopangwa kama matofali, kisha yakapigwa lipu ya udongo. Haina saruji! Maji ya mvua yanakingwa juu ya paa! Choo hakitumii maji, kinatumia maranda ya mbao! Injinia aliitazama mara tatu bila kupepesa. Ya nne alisimama.

"Mke wangu," alisema, mkono kifuani, "kumbe saruji ni adui wa dunia."

Mkewe alikuwa na pini nne mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Jioni ile ile akampigia simu mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mwanamke aliyesahihisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na ambaye hajawahi kuacha kusahihisha. Siku ya harusi alimtazama bwana harusi juu hadi chini akasema, "Wastani." Tangu siku hiyo Injinia aliishi akitafuta alama za ziada.

"Mama, nakujengea nyumba isiyo na saruji hata chembe!"

"Umeikosa?"

"Nimeikataa!"

"Kuta ni za nini sasa, baba?"

"Mabua, mama."

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kuongea na mgonjwa, "hali imekuwa mbaya kiasi hicho huko? Mbona hamkusema mapema?"

"Mama, hii ni teknolojia! Nyumba inapumua!"

"Mimi sina haja nyumba ipumue. Mimi nataka nipumue mimi."

"Utapumua, mama! Chumba chako ndicho kitakachokuwa bora kuliko vyote!"

Kesho yake akaenda kwa jirani mfugaji kununua mabua. Mkewe alijitolea kumsindikiza, akakataliwa. Kuanzia hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, na kwa bahati mfugaji mwenyewe alikuja kumsimulia mke wa Injinia yote baadaye, neno kwa neno, ndiyo maana na sisi tunayajua.

Kwanza, neno la mabua Injinia alilisahau njiani, akaomba "majani makavu". Pili, katika lugha ile, neno la chumba na neno la ng'ombe yanapishana kwa kuvuta irabu kidogo tu, kiasi cha mtu kupiga mwayo.

Mfugaji, mzee mpole mwenye mikono mikubwa kama sahani, aliuliza: "Una ng'ombe wangapi?"

Injinia akasikia: una vyumba vingapi?

"Vitatu!" akajibu, kifua mbele. "Na kimoja ni cha mama mkwe."

Mfugaji akasikia kwamba mgeni huyu ana ng'ombe watatu, na mmoja ni wa mama mkwe wake. Akavutiwa.

"Huyo wa mama mkwe ni mkubwa?"

"Kuliko vyote! Tena nataka wakati wa baridi kisiguswe na upepo hata kidogo."

"Unamjali sana. Na anatoa kiasi gani kwa siku?"

Hapa Injinia akadhani anaulizwa mama mkwe atachangia nini nyumbani. Akacheka.

"Hatoi kitu! Yule ni wa kupumzika tu. Amestaafu."

Mzee wa watu akavua kofia yake. Miaka hamsini ya kufuga, hajawahi kukutana na mtu mwenye moyo wa kumtunza ng'ombe aliyestaafu! Akaapa kimoyomoyo kwamba mtu wa namna hii hapewi majani ya hivi hivi. Atapewa yale ya juu kabisa ghalani, majani ya malisho yaliyokatwa yakiwa na mbegu zake, laini, yenye harufu tamu, ambayo ng'ombe wake mwenyewe hupewa siku za kuzaa tu.

"Marobota mangapi?"

"Mia tatu."

"Ng'ombe watatu, mia tatu!" Mfugaji nusura atokwe na machozi.

Marobota yakaja. Injinia akalinusa la kwanza kama mtu anayenusa manukato.

"Harufu ya uhai!" akasema.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Ujenzi ulianza likizo yake ilipoanza. Injinia alipanga marobota kwa kasi ya ajabu, akiimba. Mkewe alimletea pima maji, akairudisha.

"Macho yangu ndiyo pima maji!"

Basi mkewe akachukua futi yake ya kushonea, akapima ukuta mmoja kutoka chini, kisha kutoka upande wa pili.

"Huku umezidi kwa shibiri moja."

"Huo ni mteremko wa upepo."

"Na huku umepinda."

"Nyumba za asili hazina kona kali. Umewahi kuona kona kwenye embe?"

Mkewe alikuwa ameng'oa unyasi mmoja kwenye robota, anaugeuza-geuza kwenye mwanga. Akausugua kiganjani. Punje ndogo ndogo zikabaki mkononi.

"Mume wangu, haya yana mbegu."

"Hizo ni nyuzi asilia."

"Nyuzi najua. Nashona kila siku. Hizi ni mbegu."

"Wewe shona mapazia," Injinia akasema kwa upole wa mtu mkubwa, "kuta niachie mimi."

Kisha wakakanyaga udongo. Hii ndiyo kazi ambayo video ilisema ni burudani ya familia nzima. Unamwaga udongo wa mfinyanzi kwenye turubai, unatia maji, unaukanyaga kwa miguu mitupu hadi uwe kama uji mzito. Kwa siku tisa wawili wale walikanyaga. Injinia alitia maji mengi, kwa sababu mengi yalikuwa rahisi kukanyaga. Kisha akapiga lipu ndani na nje, tope likipenya hadi kwenye moyo wa majani. Ungemwambia bwana shamba atengeneze kitalu cha mbegu, asingefanya vizuri zaidi: majani yenye rutuba, udongo laini, maji ya kutosha. Kisha mvua ikanyesha wiki nzima, ya manyunyu, ya taratibu, ile ambayo wakulima huiomba wakipiga magoti.

Mama mkwe alifika siku ya pili baada ya wao kuhamia. Mkewe alimkimbilia mama yake mlangoni, wakashikana tu pale kwa muda, na hata Injinia alijifanya anakagua bawaba. Kisha mama mkwe akajifuta macho, akavaa miwani, akaanza kusahihisha.

Akagonga ukuta kwa kidole. Ukuta haukulia.

"Hm."

Akaonyeshwa choo cha maranda. Akasikiliza maelezo hadi mwisho, ndoo, kopo la maranda, kifuniko.

"Kwa hiyo kila anayemaliza anafukia."

"Ndiyo, mama! Kama paka!"

"Paka ninaye nyumbani," mama mkwe akasema. "Sikupanda ndege kuja kumuiga."

Lakini chumba chake kilikuwa na kitanda kizuri, pazia la rangi ya chungwa alilolishona binti yake kwa mkono, na kweli kilikuwa na joto. Aliingia, akakaa, akakubali kwamba kinakalika. Injinia akahesabu hilo kama alama sitini na tano.

Asubuhi ya tatu, wakati Injinia ananawa uso kwenye beseni, akasikia sauti ya mama mkwe.

"Mkwe! Hebu njoo. Ukuta wako umeota ndevu."

Injinia alicheka njia nzima hadi chumbani. Akaacha kucheka mlangoni.

Ukuta wote wa upande wa kitanda ulikuwa umetoka vinyasi vya kijani, vifupi, vyembamba, vimesimama wima kama nywele za mtu aliyeona mzimu. Akatazama ukuta wa pili. Nao! Akakimbilia sebuleni. Nako! Akatoka nje akaizunguka nyumba, na nyumba nzima ilikuwa imechipua, kuanzia msingi hadi chini ya paa, inameremeta kwa umande kama bustani iliyosimamishwa wima.

Mkewe alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Nyuzi asilia," akasema.

Mtu mwingine angekiri. Lakini Injinia hakujipa jina lile bure! Akavuta pumzi, akageuka, akapanua mikono kama anazindua uwanja wa ndege.

"Na huu," akatangaza, "ndio ukuta hai! Sikutaka kuwaambia mapema. Nilitaka mshtuke."

"Tumeshtuka," mama mkwe akasema.

Kuanzia siku hiyo ikawa kazi ya kunyoa. Nyasi zile hazikuwa na adabu! Ukilala ziko kama ndevu za jana, ukiamka ziko kama za mwezi jana. Zilipita nyuma ya picha ya harusi zikamwotesha bibi harusi masharubu. Zilitoka kwenye swichi. Injinia aliazima mkasi mkubwa wa mkewe wa kukatia mapazia, akapanda ngazi, mama mkwe akaishika chini, akawa ananyoa na kufagia, ananyoa na kufagia. Upande wa barabarani aliupunguza vizuri kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Upande wa nyuma mkono ulimchoka, ukuta ukatoka denge.

"Huku umeacha kipara," mama mkwe alielekeza kutoka chini. "Na hapo juu ya dirisha kuna kishungi."

"Nakiona, mama."

"Hukioni. Ungekiona ungekuwa umeshakikata."

Na zile nyasi alizokata? Injinia, kwa ujirani mwema, alizimwaga upande wa pili wa ua, kwa ng'ombe wa mfugaji. Ng'ombe walikuwa watatu. Siku ya kwanza walinusa. Siku ya pili walikuwa wakimngoja. Wiki ya pili, kila aliposhika mkasi, walipanga mstari kando ya ua wakamtazama mkono, na mmoja wao, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, akawa hamtazami Injinia tena. Alikuwa akiitazama nyumba.

Ilibaki jambo moja kubwa. Bila cheti cha mkaguzi wa majengo, nyumba ile kisheria haikuwa nyumba, na mtu haruhusiwi kulala ndani yake. Mkaguzi aliandika kwamba atakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Mkewe aliisoma barua, akaiweka mezani.

"Akikataa tunakwenda wapi? Baridi hiyo inakuja. Mama yuko hapa."

"Hawezi kukataa. Nitaongea naye mimi."

"Hilo ndilo ninaloogopa."

Alhamisi, tangu asubuhi na mapema, Injinia aliinyoa nyumba kama bwana harusi. Aliichana. Sehemu zilizokuwa na vipara akazipaka tope. Akavaa tai. Kwa haraka ile, nyasi zote alizokata alizirundika chini ya ukuta wa chumba cha mama mkwe, upande wa nyuma, mkaguzi asizione. Hakuzimwaga kwa ng'ombe.

Ng'ombe walingoja. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Saa nne kasorobo, yule mwekundu mwenye pembe moja akaegemeza kifua kwenye ua, akausukuma mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayefungua mlango wa dukani.

Saa nne kamili mkaguzi akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira safi kabisa, daftari gumu na rula ya chuma. Mkewe akafungua kinywa ili amkaribishe. Injinia akamkanyaga mguu kidogo, akatangulia.

"Karibu! Milango inafunguka!"

Matamshi yalikuwa safi mno hata mkaguzi akatazama nyuma yake kutafuta spika.

Wakaingia sebuleni. Mkaguzi akapima mlango, akaandika. Akapima dirisha, akaandika. Akaugusa ukuta, akauacha mkono wake pale.

"Mbona ukuta una unyevu?"

Injinia akasikia neno "ukuta".

"Ndiyo!" akasema.

"Na hiki ni nini?" Alikuwa amekivuta kinyasi kimoja kilichosahaulika nyuma ya mlango. Kilitoka na mzizi wake, mrefu kama kamba ya kiatu.

"Ndiyo!" Injinia akasema tena, jasho likianza kumshuka kwenye tai.

"Mume wangu, niache niongee," mkewe akanong'ona.

"Tulia. Namuweza."

Wakati huo mama mkwe alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani na kikombe cha chai, amejitenga ili asije akamsahihisha mkaguzi. Akasikia kama mtu anakwaruza nje ya ukuta. Halafu kama mtu anatafuna. Halafu kipande cha lipu kikaanguka, kikafuatiwa na kingine, nyasi zikavutwa kwa nje, na kwenye shimo lililobaki kikatokea kichwa. Kilikuwa chekundu, chenye pembe moja. Mdomo wake ulikuwa ukitafuna taratibu sehemu ya ukuta, na kwenye ile pembe lilikuwa limening'inia pazia la rangi ya chungwa.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mkwe!" akaita kwa sauti ya darasani. "Una mgeni!"

Wote watatu wakakimbilia chumbani. Mkaguzi akasimama mbele ya kile kichwa. Akafungua daftari, akatafuta ramani ya nyumba, akapitisha kidole juu yake.

"Dirisha hili," akasema, "halimo kwenye mchoro."

Mkewe akamtafsiria Injinia.

"Mwambie ni dirisha la asili," Injinia akasema.

"Simwambii."

"Mwambie ni la muda!"

Nyuma ya yule mwekundu walikuwapo wenzake wawili, nao walikuwa wameshaanza kwenye kona, kwenye lile robota la chini kabisa lililobeba mengine yote. Injinia alisikia sauti ambayo fundi yeyote wa lifti anaijua hata usingizini, ile sauti ya kitu kizito kinachotaka kushuka bila ruhusa. Akatazama juu. Ukuta ulikuwa unakuja ndani, polepole, kwa heshima. Na mkaguzi alikuwa amesimama chini yake, anaandika!

Akili ya Injinia ikakimbia huku na huku ikitafuta maneno ya lugha ile. Akapata yale aliyokuwa nayo.

"TAFADHALI SIMAMA MBALI NA MLANGO!" akapaza sauti. "MZIGO UMEZIDI!"

Kila mtu katika nchi ile amefundishwa tangu utotoni kuitii sauti hiyo. Mkaguzi aliruka nyuma hatua tatu kabla hajajua kwa nini, akamvuta na mama mkwe. Na ukuta mzima wa chumba, marobota thelathini na lipu yake na picha moja na saa ya ukutani, ukalala sakafuni pwaa! kama mtu aliyechoka safari. Upepo ukaingia. Jua likaingia. Ng'ombe watatu wakaingia, wakasimama juu ya ukuta ulioanguka, wakainamisha vichwa na kuanza kula.

Hakuna aliyeumia. Tope lilimwagikia kila mtu isipokuwa buti za mkaguzi, ambazo kwa namna fulani zilibaki safi.

Mfugaji akafika akihema, kofia mkononi, akiomba radhi kwa niaba ya ng'ombe wake. Kisha akatazama nyumba iliyofunuka, akayatambua majani yake. Akatazama huku na huku.

"Na wako wapi ng'ombe wako?" akamuuliza Injinia. "Yule mstaafu, yuko salama?"

Mkewe akauliza ana maana gani. Mzee akaeleza. Akaeleza yote, tangu ng'ombe watatu hadi yule mkubwa asiyetoa kitu. Mkewe alianza kwa kushika ukuta, ukuta ukaachia, akakaa chini kwenye tope akacheka hadi machozi yakamchora mistari usoni. Ilimbidi amtafsirie mama yake. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yenye tope, akaifuta kwa kanga.

"Kwa hiyo mimi ndiye ng'ombe aliyestaafu."

"Mama, ni matamshi tu," Injinia akasema kwa sauti ndogo.

"Nimefundisha miaka thelathini," mama mkwe akasema. "Nimeona watoto wakishindwa kwa uvivu, kwa woga, kwa kunakili. Sijawahi kuona mtu akishindwa kwa bidii kiasi hiki."

Mkaguzi naye akachana karatasi daftarini, akaikabidhi. Cheti cha makazi kimekataliwa. Lakini, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na alikulia shambani, alichukua nyasi kidogo akazinusa, akaongeza mstari mmoja chini, kwamba jengo hili laweza kusajiliwa kama lishe ya mifugo, daraja la kwanza.

Injinia aliishika karatasi ile muda mrefu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya choo, iliyofunikwa, kwa bahati. Tai ilikuwa imelowa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa hakuwa na neno, wala la kwake wala la lifti. Mkewe alipoona hivyo akaacha kucheka. Akaja akamfuta tope sikioni kwa pindo la gauni.

"Sasa," akasema, "utaniacha niongee?"

Injinia akaitikia kwa kichwa.

Mkewe akaongea na mfugaji. Haikuchukua hata nusu saa. Juu ya chumba cha kuhifadhia maziwa mzee alikuwa na sehemu tupu ya vyumba viwili, ya matofali, yenye jiko, dirisha lisilopitisha upepo na saruji kila mahali. Baridi ilikuwa inakuja, na yeye majani yake bora alishayauza yote kwa mtu mmoja mwenye moyo wa huruma. Wakakubaliana. Familia itakaa juu mpaka baridi ipite, na ng'ombe watakula nyumba.

Na waliila! Lipu waliitema, kilichobaki walikitafuna kwa mpangilio mzuri kuliko ule wa ujenzi. Kila asubuhi mfugaji alivuta marobota machache kwa toroli. Mkewe alikuwa ameshachora nyumba mpya kwenye karatasi ya mapazia, ya matofali, na safari hii mama yake ndiye aliyesahihisha vipimo. Injinia alipewa kazi ya kushika mwisho wa futi.

Mtu huwa harekebiki kwa siku moja, hata hivyo. Wiki ya tatu, wameketi mezani kule juu, dirisha limefungwa na jiko linawaka, Injinia alikuwa amesharudisha rangi yake.

"Ukitazama vizuri," alianza, akijinyoosha kwenye kiti, "hakuna nyumba nyingine duniani iliyoondoka bila kuacha taka hata chembe. Wenzangu nyumba zao zikibomoka zinabaki vifusi. Ya kwangu je? Imerudi kwenye asili! Yule mwenye ndevu akisikia atakuja kujifunza kwangu. Nafikiria hata kutengeneza video..."

Mkewe alikuwa anamimina chai, akaweka maziwa, mengi, mazito, yenye mafuta juu. Mfugaji alikuwa ameyaleta yeye mwenyewe asubuhi, kwa furaha, akisema kwamba hajawahi kukamua kiasi hicho tangu aanze kufuga.

Mama mkwe akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Hiki kilikuwa chumba changu?"

"Hapana, mama. Chako walikimaliza Jumatatu. Hii ni sebule."

Mama mkwe akasogeza kikombe chake katikati ya meza, mbele ya Injinia aliyebaki kinywa wazi.

"Niongezee sebule kidogo."